Mahali pa Jina Moja

Wangeci mwanangu,

Umeenda Naro Moru kumuaga shangazi yako. Nimekuona ukipanda kilima na koti lako jipya, nikajua nina nafasi ya kuandika mpaka jua lizame. Mambo ya sweta, nauli na nyumba ya kupanga sitayataja. Tangu uanze chuo umeishi mbali na mimi na hujawahi kupotea. Hayo unayajua kuliko mimi.

Nataka kukujibu. Jumapili, watu wa kanisa walipokuja kukupongeza, uliwaeleza kazi unayoenda kufanya katika hiyo ofisi ya serikali. Ulisema wakulima wanachoshwa na maswali mengi juu ya mashamba yao na mimea yao, na kwamba ninyi mliosomea takwimu mmeajiriwa kuyapunguza. "Maswali matatu peke yake," ulisema. "Kwa simu. Mtu anamaliza kabla chai ipoe." Watu wakapiga makofi. Mzee wa kanisa akasimama kuomba. Mimi nikaingia jikoni kutafuta sukari, na sukari ilikuwa mezani. Uliniona. Jioni ukaniuliza, "Mami, mbona ulinyamaza?" Nikakuambia kichwa kinaniuma.

Kichwa hakikuwa kinauma.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, ili ukitaka kumsomea mwenzako wa ofisini aliyetoka Lodwar au Kisii, naye asikie. Tena mambo yenyewe yalitendeka kwa Kiswahili, barazani na kwa chifu. Kwa Gikuyu ningeishia kulia tu.

Unajua kwamba tulipoteza shamba la chini. Ulikuwa chuoni, nami nilikuambia kwa simu, "Baba yako mkubwa Ndirangu amelikodisha, usijali, soma." Ulisoma. Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa.

Shamba letu ni moja kwa karatasi. Hati iko kwa jina la babu yako mpaka leo, na babu yako alikufa kabla hujazaliwa. Lakini kwa miguu ni mashamba mawili. Akiwa hai aliwaita wanawe wote wawili, akatembea nao na mama yao akiwa nyuma, akawaonyesha: Ndirangu hapa juu karibu na barabara, baba yako kule chini mtoni. Katikati akapanda itoka, yale maua ya mpaka. Kwa watu wa hapa hiyo ilikuwa hati tosha.

Baba yako na mimi tulijua inafaa kwenda mahakamani Nyeri tugawe urithi kisheria. Tulisema tukimaliza kuvuna. Tukasema tukimaliza paa. Kila msimu ulikuwa na kisingizio chake, na Ndirangu naye hakuwa na haraka, maana tulipendana. Kisha baba yako akaanguka kutoka kwenye lori la mawe kule Sagana, na mambo ya karatasi yakawa ya mjane. Mwanangu, mjane akitaja karatasi watu husema ameanza tamaa. Nikanyamaza. Nililima.

Wakati ule afisa wa kilimo wa wadi alikuwa Bwana Mureithi. Unamkumbuka, yule mrefu wa pikipiki, uliyekuwa ukimwita Bwana Matope. Kila mwaka alikuja na fomu yenye kurasa nyingi kama kitabu cha nyimbo. Msimu wa kwanza baada ya mazishi alisimama nami pale mtoni, fomu imelala juu ya tangi la pikipiki.

"Mwenye hati?"

Nikamtajia babu yako.

"Anayelima kipande hiki?"

"Andika mume wangu."

Akaniangalia. "Mama Wangeci, mzee amepumzika. Nani analima?"

"Ni mimi."

"Basi naandika wewe."

Nilisoma jina langu juu chini, kutoka upande wangu wa pikipiki. Sikuwa nimewahi kuandikwa mkulima. Kitambulisho kilisema nimezaliwa wapi, kadi ya kliniki ilisema nimezaa nani, lakini kazi yangu ya kila siku haikuwa imeandikwa popote.

Na jina hilo lilifanya kazi. Ndirangu alipotaka kukata kona ya shamba la chini amjengee mwanawe, tulienda kwa chifu. Chifu aliagiza kitabu cha kilimo chenye fomu zile, akasoma kwa sauti nani analima nini na wapi. Akafunga kitabu. Ndirangu akasema, "Sawa, sikuwa na ubaya," na akanisaidia kubeba debe la maji tukirudi. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Hatukuwa na amani ya malaika, lakini tuliishi.

Sasa usinielewe vibaya. Fomu ile ilikuwa mateso. Iliuliza ekari za kila mmea, na hapa mtu hupanda maharagwe ndani ya mahindi na malenge pembeni, ukimuuliza ekari ya malenge anafikiri umemdharau. Iliuliza kuku, mizinga, miti. Bwana Mureithi asipofika, tulifunga safari mpaka ofisi ya wadi, tukapanga laini, tukaambiwa leta nakala ya kitambulisho, kisha rudi kesho, mwenye muhuri ameenda Nyeri. Jirani zetu wengi waliacha kabisa. Waliona heri kukosa mbolea ya ruzuku kuliko kupoteza siku mbili za palizi.

Kwa hiyo wakubwa wa kaunti walipokuja barazani kutuuliza maoni, mimi ndiye niliyesimama.

Hilo sikuwahi kukuambia. Hakuna aliyenituma. Nilisimama na kitambaa changu cha kichwa cha kanisani nikasema, "Kuku wangu wa mwaka jana walikufa wote na kideri, na mwaka huu mmewauliza tena. Mnataka niwajibu kwa niaba yao?" Watu wakacheka mpaka chifu akacheka. Nikapata nguvu. "Punguzeni maswali. Ulizeni jina, ulizeni namba ya simu, ulizeni mtu amepanda nini. Mengine ni kutusumbua bure."

Mgeni mmoja aliyevaa miwani aliandika. Nilimwona akiandika, na nikafurahi. Wiki nzima watu walinisalimia njiani, "Mheshimiwa!" Shosho yako, mama ya baba yako, aliniuliza nyumbani, "Ati umewaambia nini hao watu?" Nikamrudia hotuba yote. Akacheka, akanipa kikombe chake cha uji.

Mwaka uliofuata, tulipata tulichoomba.

Usajili ukawa wa simu. Namba ya shamba, jina la mkulima, namba ya simu, mmea mkuu. Basi. Ndirangu alisikia tangazo redioni akiwa dukani, akajiandikisha hapohapo akingoja chenji. Hakufanya kwa siri. Jioni alikuja kutuambia kwa furaha. "Nimemaliza ya watu wote," akasema. "Mbolea ikija tutagawana."

Mimi nikajaribu yangu siku ya pili. Nikaingiza namba ya shamba, ile ile moja iliyo kwenye hati ya babu yako. Simu ikajibu kwamba shamba hilo limeshasajiliwa. Bonyeza moja kukubali, sifuri kutoka. Nilikaa nimeshika simu juani, Wangeci, nikitafuta namba ya kukataa. Haikuwepo. Nikabonyeza sifuri.

Na hapo, badala ya kupanda kwa chifu siku hiyo hiyo, nikafikiri: ni jina tu. Mbolea tutagawana. Na kweli tuligawana, misimu miwili. Ndirangu alileta mifuko yangu mpaka mlangoni. Ningekuwa na sababu gani ya kupiga kelele?

Bwana Mureithi alikuja kuaga. Kwa kuwa hakukuwa tena na fomu za kujaza mashambani, alihamishwa. Nilimpa chai na viazi vya kuchemsha. Nilitaka anipongeze kwa ile hotuba. Akasema, "Fomu ile ilikuwa mbaya, Mama Wangeci. Lakini ndiyo iliyokuwa inanileta hapa." Nikadhani analilia pikipiki.

Kisha mvua ikakosekana. Mahindi ya Ndirangu huko juu yalikauka yakiwa urefu wa magoti, na mke wake akaanza kupelekwa hospitali mara kwa mara. Nakuambia hili ili usimchukie bila kujua. Akaja mtu kutoka Nairobi akitafuta shamba karibu na maji apande mishiri, yale maharagwe machanga ya kuuza nje. Alipenda shamba la chini, kila mtu hulipenda. Hakuwa mwizi. Aliuliza mkulima wa namba hiyo ya shamba ni nani, akaonyeshwa kwenye simu: Ndirangu. Akauliza kuna mwingine? Simu haikuonyesha mwingine. Wakaandikiana mkataba wa miaka mingi.

Niliposikia, nilimfuata Ndirangu zizini.

"Umekodisha viazi vyangu vikiwa ardhini?"

Hakuinua macho kutoka kwa ng'ombe. "Mama Wangeci, mimi sikuandika uongo. Waliuliza mkulima ni nani. Nikasema ni sisi. Wakasema wanataka jina moja."

"Na ukajua lipi la kuwapa."

"Ungekuwa wewe ungewapa lipi?"

Nimefikiria swali hilo tangu siku ile. Sijui kama ningemwandika yeye.

Tulienda kwa chifu, chifu mpya, na Shosho akasema lazima aje. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Tulipumzika kwa kila mti. Ofisini kulikuwa na karani, msichana wa rika lako, mwenye heshima, na tableti mapajani. Shosho akamweleza yote: jinsi mume wake alivyotembea na wanawe, jinsi itoka ilivyopandwa, jinsi mwanawe mdogo alivyokufa, na jinsi mimi nimelima. Msichana akasikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa karibu kumtoka.

"Shosho, mimi nakuamini," akasema. "Lakini hapa kuna mahali pa jina moja tu."

"Basi andika mawili hapo kwa moja."

"Itakataa, Shosho."

"Itakataa aje, na mimi ndiye nilizaa hao wawili?"

Msichana akajaribu. Naapa alijaribu. Alitugeuzia tableti tuone ikikataa, kwa rangi nyekundu. Shosho hakujua kusoma, lakini alielewa nyekundu. Chifu akatushauri twende mahakamani. Nikauliza kitabu cha zamani cha kilimo kiko wapi, kile cha Bwana Mureithi. Akasema vitabu hivyo havitumiki tena, vilibebwa, hajui vilipelekwa wapi.

Trekta ilikuja siku ya soko, nikiwa Kagio kuuza njegere. Viazi vilikuwa vimetoa maua. Nimeambiwa na majirani jinsi ilivyokuwa, maana Shosho mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Aliteremka peke yake na fimbo yake, akasimama mbele ya trekta. Dereva akazima injini, akashuka, akamwamkia vizuri. Akampigia bosi wake simu. Akampa Shosho simu azungumze, na Shosho akaongea Gikuyu na mtu aliyekuwa akijibu Kiingereza. Kisha dereva akamshika mkono, akampeleka pembeni polepole, akamtandikia koti lake akae. Akarudi kwenye trekta, akalima.

Nilipofika jioni nilimkuta mlangoni anaosha viazi kwenye karai. Vilikuwa vidogo kama gololi. Alikuwa amefuata trekta mtaro kwa mtaro akiokota, mpaka kiondo kikajaa. Akasema tu, "Washa moto." Tulivila bila kumenya. Havikuwa na ladha, vilikuwa maji matupu. Tuliendelea kula kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Nilikwenda Nyeri. Nilifungua kesi ya urithi, na bado iko. Wakili wa kujitolea ananiambia itaamuliwa siku moja, na ananiambia pia kwamba itanibidi nithibitishe nilikuwa nalima. Nithibitishe kwa kitu gani? Majirani wako tayari kusema, lakini upande wa pili una rekodi ya serikali ya misimu yote hiyo, safi, jina moja, mmea mmoja.

Shosho hakuingia tena nyumbani kwa Ndirangu. Alimzaa, na alikuwa akimsalimia kwa mbali kama mtu wa njiani. Ndirangu alikuwa akileta maziwa, anayaacha kwenye jiwe. Baridi ya Julai ikamkuta Shosho kifuani. Siku zake za mwisho hakuweza kuteremka mtoni, na alikuwa akiniuliza kila nikiingia, "Kule chini mmepanda nini?" Akili yake ilikuwa imerudi nyuma, alidhani bado ni kwetu.

Nikamwambia viazi.

"Vimetoa maua?"

Nikamwambia vimetoa.

Ilikuwa mishiri, mwanangu, na nilijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuichuma. Ndiyo, nilienda kuomba kibarua huko. Ada yako ya mwaka wa mwisho ilitoka mahali, na hukuuliza, na sikutaka uulize. Siku ya kwanza nilijikuta natoa magugu mengine yasiyo ya zamu yangu, kwa mazoea, na msimamizi akaniambia, "Mama, fanya mstari wako tu." Nikafanya mstari wangu.

Ulikuja kwenye mazishi ya Shosho. Ulimwona baba yako mkubwa akilia mpaka akashikwa na wanaume, na ukaniuliza kwa nini sikumpa mkono. Sasa unajua. Nimempa mkono baadaye, mwaka huu, mke wake alipofariki. Tulikaa kwenye benchi moja na hatukutaja shamba. Sijui kama huo ni msamaha au ni uchovu.

Kwa hiyo uliposema maswali matatu, na watu wakapiga makofi, nilijisikia nimesimama tena barazani na kitambaa changu. Nilisikia sauti yangu ndani ya yako. Ndiyo maana nikakimbilia jikoni.

Sikwambii mrudishe kurasa zile. Nikisikia zinarudi nitakuwa wa kwanza kulalamika. Mtu aliye na jembe mkononi hana siku ya kupoteza kwa ajili ya muhuri, na ninyi mkimwondolea mzigo huo Mungu awabariki. Nimekaa na jambo hili miaka, na ninachojua ni kidogo. Katika maswali yote yale ya upuuzi, kuku, mizinga, malenge, lilikuwepo moja lililouliza nani hasa anainama katika kipande hiki. Mimi mwenyewe sikuliona. Lilikuwa limejificha kati ya mengine, na niliomba yatupwe yote kwa pamoja. Mgeni wa miwani hakunidhulumu. Aliniandika kama nilivyosema.

Huenda siku moja mtakaa kwenye meza nzuri na mtu atasema, hili nalo tuliondoe, hakuna anayelihitaji. Huenda atakuwa na haki. Lakini wewe umekulia katika nyumba iliyoondolewa pamoja na swali. Uliza kidogo kabla hamjafuta. Wakikuambia unachelewesha kazi, chelewesha. Na kama mnaweza, wekeni ile namba niliyoitafuta juani, ya mtu kusema hapana, sivyo. Na akiisha kusema hivyo, pawe na mtu wa kushuka mpaka mtoni aone.

Naogopa kwa ajili yako, nisikufiche. Siogopi mji. Naogopa utaipenda kazi hiyo, utasifiwa kama nilivyosifiwa, na sifa ni tamu sana ukiwa umeanza maisha. Sikuwa mjinga siku ile barazani. Nilikuwa na haki, na nilikuwa nachekesha, na watu wangu walikuwa upande wangu. Hayo yote hayakunisaidia kuona.

Sasa jua limeshika mlima na nakusikia langoni unaongea na mbwa, kwa hiyo nafunga haraka. Nitaiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya viatu, uisome ukifika.

Kuhusu kesho: nilikuambia nina mkutano wa akina mama na sitaweza kukusindikiza. Hakuna mkutano. Kesho ni siku ya kuchuma kule chini, na msimamizi huandika majina asubuhi na mapema. Asiyekuwepo nafasi yake hupewa mwingine, msimu mzima. Utakuwa umeshapita darajani utakaposoma haya. Kama ulitazama upande wa mto ukaona wanawake wameinama kwenye mistari, mimi nilikuwa mmoja wao, na niliinuka nilipoliona gari.

Ni mimi mama yako,
Nyaguthii